Kozi ya Dar, Kozi ya Iringa

Mwanjelwa, Mbeya
9 Machi 1976

Mpendwa Waridi,

Barua hii niliianza jana nikaichana kwa sababu ilikuwa imejaa malalamiko ya mvua, na wewe hupendi malalamiko. Leo nina habari.

Nimeandikiwa na Shirika la Pembejeo la Nyanda, lile linalogawa mbolea, mbegu na majembe katika mikoa yetu. Wanatafuta vijana waliomaliza kidato cha nne wakasomee ugavi, na mwalimu mkuu wetu ndiye aliyewapa jina langu. Nilipoisoma barua kwa sauti hapa nyumbani, shangazi Atuganile aliuliza ugavi ni kitu gani. Nikasema ni kazi ya kuhakikisha kinachohitajika kinafika mahali kinapohitajika, tena kwa wakati wake. Mama akasema, "Kumbe kuna watu wanalipwa kwa hilo? Na wako wapi?" Shangazi yeye akasema nimekaa darasani miaka yote hiyo ili niwe mpagazi wa magunia.

Kozi ziko mbili na lazima nichague moja. Ya kwanza iko huko kwenu Iringa, miezi tisa. Unapata cheti cha utunzaji wa bohari, kisha unarudi kufanya kazi katika mkoa wako. Hiyo haina usaili, ukisema unaitaka unakwenda. Ya pili iko Dar es Salaam, miaka mitatu, stashahada ya ugavi: kununua, kusafirisha, kupanga mahitaji ya mwaka mzima, mambo ya bandari. Aliyefanya vizuri huko anaweza kupelekwa ng'ambo kuchukua shahada, hata shahada ya juu. Wa Iringa hawapelekwi popote. Lakini ya Dar ina usaili wa ana kwa ana, na mimi unanijua.

Nilimwandikia Mwalimu Kalinga, yule aliyetufundisha, kumwomba ushauri. Alijibu kwa mistari michache kama kawaida yake: "Iringa watakufundisha kupokea mzigo. Dar watakufundisha kwa nini mzigo haujafika. Chagua unachotaka kujua."

Ninachotaka kujua ninakijua. Mwaka juzi mahindi ya mama kule Kiwira yaligeuka njano tukiyatazama. Mbolea ilikuja wakati yameshachanua, na ilikuwa imeloa njiani ikawa mawe. Mama alikwenda kila ofisi kuuliza ilikuwa wapi muda wote huo. Hawakumficha. Hawakujua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua.

Ninajizoeza kujibu maswali ya usaili wakati wa kuosha vyombo. Jirani amemwuliza mama kama malaria imenipanda kichwani.

Wewe ungechagua ipi?

Rafiki yako,
Tupokigwe


Iringa
17 Machi 1976

Bibi Tupo,

Salaam nyingi kama mvua yenu. Umeninyang'anya habari mdomoni. Bahasha hiyo hiyo nami ninayo, na Shirika hilo hilo.

Baba aliisoma akiwa na miwani, akaisoma tena bila miwani, kisha akaniambia, "Dar utakaa kwa shangazi yako Mwanakhamisi, sina neno. Lakini ukija likizo umevaa suruali, shukia Morogoro." Unamjua Mzee Alawi, akianza masihara ujue ameshakubali. Mama amenuna, ila nimemsikia dirishani akimweleza jirani kwamba bandari haiwezi kwenda bila watu wa ugavi.

Usije ukasema sikufanya utafiti. Nilikwenda kuiangalia hiyo kozi ya hapa. Ni bohari moja nyuma ya soko. Asubuhi nilikuta wanafunzi wanapanga magunia upande wa kulia. Jioni nikapita tena, wanayarudisha kushoto. Nikamwuliza mmoja leo wamejifunza nini, akasema, "Mgongo."

Kwa hiyo ni Dar, na wewe usiniache peke yangu na shangazi Mwanakhamisi. Yule mama huamka kabla ya jogoo halafu humlaumu jogoo kwa uvivu.

Kuhusu usaili, tatizo lako si akili. Tatizo ni kwamba unaongea kama mtu aliyefungiwa kabatini. Unakumbuka ule mdahalo wa Azimio la Arusha shuleni? Ulisimama, ukasema "Mheshimiwa mwenyekiti," ukakaa. Nusu ya ukumbi walipiga makofi wakidhani umemaliza. Sasa nisikilize. Mtu akikuuliza, mtazame katikati ya nyusi, atafikiri unamtazama machoni. Na uongee kana kwamba unamwita mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Nijibu haraka.

Waridi binti Alawi,
Mkurugenzi Mtarajiwa


Mwanjelwa, Mbeya
28 Machi 1976

Mpendwa Waridi,

Nimechagua Dar. Nimekwisha kuirudisha fomu, na jana nilijibu maswali yote kwa sauti ya kumwita mtu wa ng'ambo ya barabara, mpaka mtu wa ng'ambo ya barabara akaitika.

Kuna jambo jingine. Jumapili walikuja wageni na ng'ombe. Walikuja kuniposa. Kijana mwenyewe anaitwa Jailos, alinitangulia shule ya msingi, sasa anauza katika duka la kijiji huko Makongolosi, ndani ya Chunya. Ni mtu mpole. Baba aliniita mbele ya wageni akaniuliza kama ninawafahamu watu hawa. Nikatazama chini. Nilikuwa bado natafuta jibu wakati shangazi aliposema, "Amekubali." Watu wakaanza kula.

Usinicheke. Si kwamba ningekataa. Ni kwamba nilikuwa sijamaliza kufikiri. Baba amesema nitasoma kwanza, ng'ombe hawana haraka.

Sasa hili litakushangaza. Tangu ng'ombe walipoingia, mimi na baba yake Jailos hatuonani tena. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto na baba mkwe wake hukwepana maisha yao yote. Nikimwona njiani nageuka na kujifunika, naye anageuza uso na kupita upande mwingine. Sikai naye chumba kimoja, simsemeshi, na jina lake silitamki, ndiyo maana hapa sikuliandika. Si ugomvi. Ni heshima, na kwetu hakuna heshima inayoizidi hiyo. Juzi nilimwona sokoni kwa mbali nikajibanza nyuma ya mikungu ya ndizi, na mama mwenye ndizi hakuniuliza kitu, akasimama tu kunikinga.

Yeye ni meneja wa mkoa wa Shirika lenyewe, hapa Mbeya. Kwa hiyo ile kozi ya Iringa kwangu imekwisha. Ningerudi kufanya kazi katika bohari yake, chini yake, na hilo haliwezekani. Imebaki Dar tu. Namshukuru Mungu kwamba barua inasema wasaili wanatoka makao makuu.

Usaili wenu ni lini?

Wako,
Tupokigwe


Iringa
6 Aprili 1976

Tupo,

Hongera ya ng'ombe. Yaani unaulizwa unawajua, wanasikia unawataka. Kwetu nako msichana akinyamaza ameridhika, kwa hiyo mimi huwa siachi kuongea, nisije nikaolewa kwa bahati mbaya.

Usaili umefanyika jana. Nilitetemeka mpaka kiti kikalia, lakini niliongea. Wawili wametoka Dar: Bwana Makame, mwembamba, anaandika kila unachosema hata kikohozi, na mama mmoja wa makamo, Bibi Juliana, anayetabasamu kisha anauliza swali la kukuua. Aliuliza hivi: una lori moja, vijiji viwili, na mbolea inatosha kijiji kimoja tu, utafanyaje? Nikasema nitapeleka kule walikopanda mapema. Akasema, "Na wale wengine utawaambia nini?" Hapo nikasema mambo mengi ambayo siyakumbuki.

Lakini si hilo lililonifanya niandike leo leo. Mwenyekiti wa usaili hakutoka Dar. Ni Bwana Mwangoka, mzee mnene, mtaratibu, na walimtambulisha kuwa ni meneja wa mkoa wa Mbeya. Anazunguka nao mikoa yote miwili.

Tupo, si ndiye huyo usiyemtaja? Kama siye, nicheke. Kama ndiye, fanya kitu mapema. Mwambie baba yako akaongee naye. Si mkwe mwenzake?

Waridi


Mwanjelwa, Mbeya
12 Aprili 1976

Kaka Jailos,

Salaam. Ninajua si kawaida mimi kukuandikia, na nimekaa na kalamu hii tangu asubuhi. Shangazi akijua atasema sina adabu. Nisamehe.

Nimeitwa kwenye usaili wa masomo ya ugavi ya Dar es Salaam. Utakuwa Ijumaa tarehe 23 mwezi huu, katika ofisi ya Shirika hapa Mbeya. Nimepata habari kwamba baba yako ndiye mwenyekiti. Unaelewa maana yake. Akiwamo, mimi siwezi kuingia, na nikiingia siwezi kusema.

Nilimwomba baba akazungumze naye. Baba alisema, "Nikamwambie nini? Atoke kwenye kiti cha serikali kwa ajili ya mtoto wangu?" Kisha akasema mtu mzima hafundishwi heshima, orodha ameiona, siku hiyo atajua la kufanya. Huenda ni kweli. Lakini Kaka Jailos, mimi nisipokwenda Dar sina kwingine.

Ninakuomba moja kati ya mambo mawili. Umwambie baba yako awaachie wale wawili wa Dar waniulize, yeye asiwepo. Au kama hilo ni gumu, umwombe awachukue ng'ombe wake kwa muda, ili siku hiyo niwe mtoto wa mtu tu. Baadaye watarudi. Sikukatai. Naomba ulielewe hilo, maana nimesikia wewe ni mtu wa kuelewa.

Kila nikimaliza kuisoma naona ni barua mbaya, lakini nitaituma.

Tupokigwe


Makongolosi, Chunya
4 Mei 1976

Dada Tupokigwe,

Barua yako nimeipata leo mchana. Mvua ilikata barabara, na lori linaloleta posta na bidhaa lilikwama huko nyuma wiki baada ya wiki. Hapa dukani tulibakiwa na viberiti na chumvi, wateja wakaniuliza kama nimefungua duka au jumba la makumbusho.

Nimesoma ile tarehe nikatazama kalenda, nikaisoma tena.

Ningekuja Mbeya mwenyewe, hata kwa miguu mpaka Chunya. Ningemwambia baba. Angenielewa, yeye ni mkali kwa magunia tu, kwa watu si mkali. Hata la ng'ombe nisingeliona vibaya. Sasa sijui niandike nini. Ulifanyaje siku hiyo? Aliondoka? Walikuuliza?

Sikukasirika kwamba uliandika. Ningependa uandike tena.

Jailos


SHIRIKA LA PEMBEJEO LA NYANDA
Ofisi ya Mkoa, Mbeya
10 Mei 1976

Ndugu Tupokigwe,

Yahusu: Masomo ya Ugavi

Rejea usaili wako wa tarehe 23 Aprili. Halmashauri ya Usaili imeona kwamba hukuwa tayari kujieleza, jambo ambalo ni la lazima kwa mwanafunzi wa Stashahada. Kwa sababu hiyo hukuchaguliwa kwenda Dar es Salaam.

Hata hivyo, kutokana na alama zako nzuri za shule, umetengewa nafasi katika kozi ya Utunzaji wa Bohari, Iringa. Ukihitimu utapangiwa kazi Bohari Kuu ya Mbeya, chini ya Meneja wa Mkoa. Maombi ya kupangiwa mkoa mwingine yapelekwe kwa Meneja wa Mkoa, ana kwa ana.

Utujulishe kabla ya mwisho wa Juni.

Kwa niaba ya Halmashauri ya Usaili,
Karani wa Utumishi


Iringa
19 Mei 1976

Tupo,

Nimechaguliwa Dar. Ningependa kulisema hilo kwa mbwembwe lakini siwezi, kwa sababu mimi naandika na wewe hunijibu.

Bibi Juliana alipita tena hapa Iringa kutupa maelekezo ya safari. Katika mazungumzo alisema huko Mbeya waliona kioja, msichana mwenye alama nzuri kabisa aliingia chumbani akageukia ukuta, akajifunika kanga, akakataa kusema. Wenzangu walicheka. Mimi nilijua ni nani.

Sikukusema. Lakini nilikasirika, Tupo. Si nilikwambia katikati ya nyusi? Najua desturi zenu nimezisikia, ila ofisi ni ofisi. Kwa nini hukuwaeleza? Sentensi moja tu. Aibu yako hiyo itakula maisha yako, na mimi nitakuwa Dar nikiangalia kitanda kisicho na mtu.

Nieleze basi.

Waridi


Mwanjelwa, Mbeya
27 Mei 1976

Mpendwa Waridi,

Hongera. Ninaandika neno hilo kwa moyo wangu wote, na nimeliandika kwanza ili usifikiri limekuja baada ya mengine.

Nitakueleza kama ilivyokuwa. Siku ile nilikaa kwenye benchi la nje. Sikuwa na hofu. Najua huniamini, lakini sikuwa nayo. Nilikuwa na jibu la lile swali la lori. Ningesema nitapeleka mbolea kule walikopanda mapema, na lori lile lile, likirudi, lipite kijiji cha pili likiwa na mtu wa kuwaambia ukweli ili wapande maharage badala ya kungoja. Mama angepewa mtu wa kumwambia hivyo, tusingekosa chakula. Nililirudia kwa sauti mpaka mlinzi akasema, "Binti, utafaulu."

Baba alisema mzee hatakuwapo. Nami nilifikiri hivyo. Nilipoitwa nikaingia, na cha kwanza nilichokiona ni viatu vyake chini ya meza. Mwili wangu uligeuka wenyewe. Nilijifunika nikaelekea ukutani. Nikasikia kiti kinasukumwa, hatua, mlango wa nyuma ukafunguka na kufungwa. Alitoka bila kusema neno. Alifanya kama mtu mwenye heshima anavyofanya.

Nikajifunua. Nikakaa. Nilikuwa tayari, Waridi, nikamtazama Bibi Juliana katikati ya nyusi.

Bwana Makame akasema, "Umemgeuzia mgongo Bwana Meneja mpaka ametoka kwa hasira?" Nikasema hakukasirika. Bibi Juliana akauliza, "Mna ugomvi?" Nikasema hapana. "Basi kuna nini?"

Unasema sentensi moja tu. Niliijua sentensi hiyo. Ni mkwe wangu. Ningeitamka, Bwana Makame angeiandika pale pale, na makao makuu wangesoma kwamba meneja wa Mbeya amemweka mchumba wa mwanawe kwenye orodha. Unajua siku hizi watu wanavyofukuzwa kwa upendeleo. Hakunipendelea. Jina langu lilitoka shuleni kabla ya ng'ombe. Lakini nani angeamini?

Basi nikanyamaza. Wakangoja arudi. Hakurudi. Bwana Makame akafunga jalada, akasema, "Asante, binti, umetusaidia kumaliza mapema."

La lori hawakuuliza.

Si aibu, Waridi. Mara hii haikuwa aibu. Ningependa ulijue wewe peke yako.

Tupokigwe


Iringa
8 Juni 1976

Tupo wangu,

Nimeisoma barua yako nikaenda uani kukaa peke yangu. Nisamehe yale ya barua iliyopita.

Sasa sikiliza, bado kuna njia. Chukua hiyo kozi ya Iringa, mgongo uume tu, halafu uombe mkoa mwingine. Au mwambie baba yako awarudishe ng'ombe, uwe huru, uombe usaili mwingine mwakani. Kijana mwenyewe si ulisema ni mpole? Mmoja wenu aseme jambo hilo kwa sauti. Mkiwa wote wawili wapole hivyo mtazikwa wapole.

Safari yetu ni mwezi ujao. Nijibu kabla sijaondoka.

Waridi


Mwanjelwa, Mbeya
21 Juni 1976

Mpendwa Waridi,

Nimefikiria yote uliyoandika.

Kuomba mkoa mwingine ni lazima nionane na Meneja wa Mkoa ana kwa ana. Nilimwomba baba aende badala yangu. Alikwenda mpaka ofisini, karani akamwambia mwombaji aje mwenyewe, ndio utaratibu. Baba akarudi akakaa nje kwenye kigoda na hakuingia hata kula.

Na ng'ombe hawapo. Kaka yangu mkubwa alikuwa amekwama na mahari ya mke wake, kwa hiyo mwezi uliopita ng'ombe walitolewa kwetu, wakapelekwa kwa wakwe zake huko Tukuyu. Mmoja ameshazaa huko. Kuwarudisha maana yake ni kumrudisha wifi yangu kwao, na wifi ana mimba. Jana alikuwa ananisuka nywele, akasema, "Wifi, asante." Sikujua ananishukuru kwa nini, kisha nikajua.

Nimewaandikia Shirika kwamba nafasi ya Iringa siichukui. Harusi ni mwezi wa nane. Jailos ni mtu mwema. Ninaliandika hili ili usimchukie.

Safari njema. Usimchokoze sana shangazi Mwanakhamisi.

Tupokigwe


Dar es Salaam
12 Septemba 1976

Tupo,

Hapa joto linaoka watu. Nimekonda, shangazi anasema ni masomo, mimi nasema ni kuamka kabla ya jogoo.

Masomo ni kama ulivyosema ungetaka. Wiki hii tumesoma kwamba mzigo uliochelewa uhesabiwe kama mzigo ambao haukufika. Mwalimu alisema hivyo akaendelea na mengine, mimi nikabaki hapo hapo. Darasani wasichana tuko watatu. Mmoja anataka kwenda ng'ambo kwa shahada na tayari anatafuta koti la baridi. Kitanda cha pili chumbani kwangu kinalala mabegi.

Nimeanza kukunakilia madaftari. Nikipata mtu anayekuja huko nitamkabidhi akuletee. Utasoma mwenyewe polepole, halafu tutaona. Usiniambie haiwezekani. Niambie tu uko vipi.

Waridi


Makongolosi, Chunya
10 Oktoba 1976

Mpendwa Waridi,

Niko salama. Nyumba yetu iko nyuma ya duka. Jailos akiwa hayupo ninauza mimi, ingawa mara nyingi ninachouza ni maneno: sukari bado, sabuni bado, labda wiki ijayo. Watu wananiuliza iko wapi. Nami nawajibu sijui, sawasawa na wale waliomjibu mama.

Madaftari usinitumie. Usifikiri nimekasirika. Nikisoma nitajua mambo ambayo sina pa kuyapeleka. Niandikie habari za shangazi yako, hizo zinanichekesha.

Jumamosi baba mkwe alikuja na Landrova ya Shirika, anakagua maduka. Niliposikia sauti yake nilihamia jikoni. Jiko letu limeshikana na chumba cha mbele, ukuta ni wa miti na udongo, kila neno linapita. Nilikuwa nasonga ugali niliposikia ananizungumzia, bila kunitaja.

"Yule aliye huko ndani," alimwambia Jailos, "alikuwa na alama kuliko vijana wote niliowaona mwaka huu. Ndiyo sababu siku ile niliinuka. Nikikaa, hatasema. Nikasema moyoni, ngoja nimpishe awaonyeshe. Wale wa Dar sikuwaeleza kitu, wangesema nimeleta mkwe wangu. Nikakaa uani nangoja. Hata sigara sijaimaliza, namwona huyo anatoka."

Jailos akauliza, "Halafu?"

"Halafu Makame akaniambia hana la kusema. Nami nimwulize zaidi ya hapo? Nimwulizie kwa jina gani? Mpaka leo huwa najiuliza. Hebu muulize wewe. Swali gani lilimshinda?"

Jailos alikuja mlangoni. Alikuwa anajua kila kitu, nilikwisha kumweleza. Aliniangalia kwa macho ya kuniomba, akasema kwa sauti ya kusikika kule, "Baba anauliza ni swali gani lilikushinda."

Mkono ulikuwa juu ya mwiko. Nilifikiria kueleza yote, tangu kiti kiliposukumwa. Kisha nikafikiria yeye akilijua hilo, kwamba kuinuka kwake ndiko kulikofunga jalada, na kwamba hawezi hata kuniomba radhi, maana ataniomba vipi? Nikasema neno fupi lililo kweli.

"Mwambie hawakuniuliza swali la kazi hata moja."

Jailos akageuka. "Anasema la kazi hawakumwuliza hata moja."

Nikamsikia baba mkwe anacheka, kicheko cha upole, cha mtu anayemsamehe mtoto.

"Watu watoke Dar es Salaam mpaka Mbeya wasiulize?" alisema. "Mwambie asijali. Aibu si kosa. Hata mama yako alikuwa hivyo hivyo."

Jailos alibaki mlangoni. Nilimtikisia kichwa, aache. Nikapakua chakula, nyama nyingi nikaiweka upande wa mzee, Jailos akakipokea na kukipeleka. Alikula vizuri. Kabla ya kuondoka aliagiza niambiwe kwamba mchuzi ulikuwa mtamu.

Wako,
Tupokigwe